Diwani na Daftari: Serikali za Mitaa katika Mwambao wa Pangani

Neno diwani lina umri mkubwa kuliko serikali zote zilizowahi kutawala mwambao wetu. Asili yake ni Kiajemi, nalo liliingia katika Kiarabu kwa maana ya daftari. Katika karne ya 7, Khalifa Umar bin Khattab alianzisha diwani, yaani orodha ya askari na watu wengine waliostahili kupewa fungu kutoka hazina. Kutoka kwenye daftari neno likahamia kwenye ofisi lilimowekwa daftari hilo. Kutoka kwenye ofisi likahamia kwenye baraza la wakubwa waliokutana humo. Na mwisho likamwangukia mtu mwenyewe aliyeketi barazani. Kiswahili kimepokea sehemu kubwa ya urithi huo. Mkusanyiko wa mashairi tunauita diwani, kama tujuavyo katika vitabu vya Diwani ya Shaaban vya Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga. Na mtu aliyechaguliwa na wananchi wa kata ili awawakilishe katika halmashauri, huyo naye tunamwita diwani.

Katika insha hii nakusudia kuonyesha kwamba maana ile ya kwanza, maana ya daftari, haijapotea. Tangu zamani za majumbe hadi leo, uongozi wa mahali katika pwani ya Pangani umezunguka maswali mawili: nani ashike daftari la mapato na matumizi, na nani asomewe yaliyoandikwa humo? Anayetaka kuelewa kazi ya diwani katika mipango, bajeti na barabara hana budi kuyafuata maswali hayo tangu mwanzo wake. Mfano tutakaourudia ni kijiji cha Ushongo, kilichopo ufukoni, kilomita zipatazo 15 kusini ya mji wa Pangani. Msafiri atokaye Pangani huvuka mto hadi Bweni, hufuata njia ya Mwera, kisha huiacha barabara kubwa na kushuka kuelekea baharini, ambako ziko Ushongo Mtoni na Ushongo Mabaoni. Kijiji kinaishi kwa uvuvi, minazi, kilimo na, katika miongo ya karibuni, wageni wanaokuja kupumzika. Kila moja ya riziki hizo hutegemea njia ipitikayo.

Diwani wa Mrima

Kabla ya kuja kwa Wajerumani, miji ya Mrima ilikuwa na watawala wake walioitwa majumbe au madiwani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo, alieleza kwa urefu mambo yao katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903 na Carl Velten. Humo tunasoma kwamba jumbe hakuketi peke yake. Walikuwapo shaha, waziri, amiri na mwenyemkuu, kila mmoja na cheo chake na haki zake. Mtu aliyetaka ujumbe alipaswa kutoa ada nyingi na kuwakirimu watu wa mji. Naye akishawekwa, alipata ada zake katika biashara na katika shughuli za watu.

Yatupasa kuutazama utaratibu huo bila kuudharau na bila kuupamba. Uzuri wake ni kwamba mji ulikuwa na baraza lake. Ugomvi wa mashamba, mapokezi ya misafara kutoka bara, na masuala ya kuzika na kuoza yaliamuliwa na watu waliojuana. Diwani aliyewadhulumu watu wake aliwakuta asubuhi msikitini na jioni barazani. Upungufu wake nao ni dhahiri. Ada aliyopokea diwani ilikuwa haki ya cheo chake, wala haikuwa amana ya umma. Hakuna aliyemtaka aeleze ilikokwenda. Tena baraza halikuwa la watu wote: watumwa, wageni na wanawake wengi hawakuwa na kauli humo. Juu ya madiwani hao alikuwapo liwali, mwakilishi wa Sultani wa Unguja, na ushuru mkubwa wa forodha ulivuka bahari kwenda Unguja. Hivyo hata katika zama hizo sehemu nono ya mapato ya Pangani haikutumika Pangani.

Daftari la mgeni

Mwaka 1888 Sultani aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti wa mwaka huo huo mjumbe wa Kampuni, Emil von Zelewski, alitaka kuimiliki Pangani kwa bendera na kwa amri, na hapo ndipo vita vya pwani vilipoanzia. Aghalabu twavikumbuka vita hivyo kwa jina la Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Lakini yafaa wanafunzi wajue kwamba miongoni mwa mambo yaliyowachukiza watu ni amri za kuandikisha mashamba na kutoza ushuru. Mgeni alikuja na daftari lake, akataka kuandika humo mali za watu ambao hawakumwita.

Baada ya vita, Wajerumani walilitandaza daftari hilo juu ya nchi nzima. Majumbe waliachwa, lakini waliwekwa chini ya maakida, watumishi wa serikali waliolipwa mshahara. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na jumbe akawa mkusanyaji. Njia zilifyekwa kwa amri, na watu waliitwa kazini bila kuulizwa njia hiyo inakwenda wapi na kwa faida ya nani. Jibu lilikuwa mashambani. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo kilikua kilimo kilichoufanya Mkoa wa Tanga ujulikane duniani. Mwaka huo huo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga kwenda bara. Pangani, iliyokuwa mlango wa misafara kwa miaka mingi, ikaachwa kando. Ramani ya njia ilichorwa upya kwa hesabu ya mkonge na bandari ya Tanga, na vijiji vya wavuvi kama Ushongo havikuwamo katika hesabu hiyo.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walibadili jina la utaratibu. Gavana Donald Cameron, kwa sheria ya mwaka 1926, aliimarisha utawala wa kupitia wakuu wa wenyeji. Wakuu hao walipewa mabaraza, mahakama, na kwa mara ya kwanza hazina zao wenyewe. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana sasa mahali palikuwa na daftari la mapato na matumizi lililoandikwa. Lakini daftari hilo lilikaguliwa na Bwana Shauri, na mkuu aliwajibika kwake kabla ya kuwajibika kwa watu.

Matokeo yake yalionekana katika Jimbo la Tanga la siku hizo, huko Upare. Wakuu wa Upare, kwa kibali cha serikali, walileta kodi ya nyongeza iliyopimwa kwa kukisia mapato ya kila mtu, nayo iliitwa mbiru. Mwaka 1945 maelfu ya wananchi walishuka kutoka milimani wakakusanyika Same kuipinga. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameeleza vizuri kisa hicho. Jambo la kuzingatia ni kwamba wananchi hao hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kawaida walikuwa tayari kuilipa. Walichokataa ni makisio yaliyofanywa juu yao pasipo wao kujua yamefanywaje. Miaka michache baadaye mbiru ilifutwa. Somo hilo la bajeti lilifundishwa na wakulima wa Upare miaka 16 kabla ya Uhuru, na bado halijachakaa.

Halmashauri za Uhuru na kufutwa kwake

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, wananchi walifanya kazi za kujitolea kwa moyo mkubwa. Kazi ya ujima, ambayo watu wa Upare huiita msaragambo, ikageuzwa kuwa nguvu ya taifa: watu walichimba visima, walijenga madarasa na walifyeka barabara. Mwaka 1963 vyeo vya uchifu vilifutwa, na halmashauri za wilaya zenye madiwani waliochaguliwa zikashika nafasi ya mamlaka za wenyeji. Jina la kale la diwani sasa lilipewa mtu aliyepatikana kwa kura.

Halmashauri hizo zilirithi kazi nyingi na fedha chache. Shule za msingi, zahanati na barabara za wilaya zilikuwa juu yao, na mapato yao yalitegemea kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Kodi hizo zilikusanywa kwa shida na zilichukiwa na watu. Mwaka 1969 serikali ilizifuta, na kwa kufanya hivyo ikazikausha halmashauri. Mwaka 1972, kwa mpango wa Madaraka Mikoani uliotayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, halmashauri za wilaya zilivunjwa kabisa. Wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya, watumishi wa Serikali Kuu, walishika mipango na fedha. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuyasogeza madaraka karibu na wananchi. Kilichosogea ni ofisi. Daftari lilibaki mikononi mwa watumishi ambao mwananchi hakuwachagua wala hakuweza kuwaondoa.

Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliwapa wanakijiji mkutano mkuu na halmashauri yao ya kijiji, na hilo ni jengo lililodumu. Lakini kati ya kijiji na mkoa hapakuwa na baraza la wawakilishi lenye fedha zake. Mijini huduma zilizorota hata halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1982 Bunge lilitunga Sheria namba 7 ya mamlaka za wilaya, namba 8 ya mamlaka za miji na namba 9 ya fedha za serikali za mitaa. Mwaka 1984 halmashauri zilianza kazi tena, na mwaka huo huo serikali za mitaa ziliingizwa katika Katiba, Ibara ya 145 na 146, ambazo zinasema shabaha yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba, kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ni nadra kiongozi wa nchi kusema hivyo angali madarakani, na kauli hiyo inastahili kufundishwa pamoja na mafanikio yake.

Safari ya ombi la barabara

Sasa turudi Ushongo, tuone jinsi utaratibu uliozaliwa na sheria hizo unavyofanya kazi. Chukua jambo moja la kawaida: njia ya kushuka kijijini imekatwa na maji ya masika. Gari la samaki haliwezi kupita, na mama mjamzito hawezi kufikishwa hospitali ya Pangani kwa wakati. Wananchi wafanye nini?

Jambo huanzia kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, nao unapaswa kukutana kila baada ya miezi 3. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huliandika hitaji na kulipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani. Hapo maombi ya vijiji mbalimbali hukutana: kimoja kinataka kalavati, kingine kinataka darasa, cha tatu kinataka kisima. Diwani hana budi kuwaongoza wenzake wayapange kwa umuhimu. Kazi hiyo ndiyo mizani ya kwanza ya uongozi wake, kwa kuwa humo kimo pia kijiji chake mwenyewe, na wamo ndugu zake.

Kutoka kwenye kata, mpango huenda kwenye kamati za halmashauri ya wilaya. Iko kamati ya uchumi, ujenzi na mazingira. Iko ya elimu, afya na maji. Na iko ile ya fedha, uongozi na mipango, ambayo maombi yote hugeuzwa kuwa tarakimu mbele yake. Kisha baraza zima la madiwani hujadili na kupitisha. Mkurugenzi ni katibu wa baraza. Mwenyekiti huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao. Mpango hupita mkoani, huunganishwa na mipango ya taifa, na hatimaye fedha huidhinishwa na Bunge kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Katika safari hiyo hukutana na ukomo wa bajeti, yaani kiasi cha juu kilichowekwa na Hazina. Ombi lililotoka kijijini likiwa mti mzima huweza kufika mwisho likiwa fito.

Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Lakini kusoma bajeti ni usomaji wa namna yake. Tufanye hesabu ndogo ya darasani. Tuseme kipande cha njia chenye urefu wa kilomita 4 na upana wa mita 5 kinahitaji kufunikwa kwa changarawe yenye unene wa sentimita 15. Mita 4,000 mara 5 mara 0.15 ni meta za ujazo 3,000. Lori linalobeba meta za ujazo 10 litakwenda safari 300. Diwani aliyeijua hesabu hiyo akiletewa taarifa kwamba kazi imekamilika, na wanakijiji wakamwambia kwamba malori yaliyoonekana hayafiki hata 100, anajua swali la kuuliza. Asiyeijua atapiga makofi.

Kadhalika diwani yampasa ajue kwamba adui wa barabara ya udongo ni maji. Njia isiyo na mgongo wa kuyamwaga maji pembeni, isiyo na mitaro ya kuyapokea wala makalavati ya kuyapitisha, haitamaliza masika mawili hata ikifunikwa changarawe nzuri namna gani. Wananchi wengi hufurahi waonapo greda likikwangua barabara, kwa sababu kazi hiyo inaonekana. Kuzibua kalavati hakuonekani, hakuna anayekuja kukuzindua, na gharama yake ni ndogo. Lakini ndiko kunakoiokoa njia. Kiongozi anayetetea fungu la matengenezo mbele ya watu wanaodai jambo jipya la kuonekana, huyo amefahamu kazi yake.

Barabara zinapohamishwa

Historia haikukoma mwaka 1984. Kodi ya maendeleo iliyoletwa na halmashauri mpya ilifutwa mwaka 2003 pamoja na ushuru mwingine mdogo mdogo ulioitwa kodi za kero. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu ya haki, wala hakuna mtu mwema atakayetaka kurudishwa kwa vizuizi vya njiani na kamatakamata ya kodi ya kichwa. Hata hivyo kila nafuu hiyo ilipunguza kiasi ambacho baraza la madiwani lingeweza kukipangia matumizi kwa hiari yake. Sehemu kubwa ya fedha za halmashauri zetu hutoka Serikali Kuu, na nyingi huja zikiwa zimekwisha kutajiwa kazi.

Kwa upande wa barabara, badiliko kubwa lilikuja mwaka 2017 ulipoanzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Kabla ya hapo barabara kuu na za mikoa zilikuwa chini ya TANROADS, na zile za wilaya zilikuwa mikononi mwa halmashauri, zikitunzwa kwa fungu la Mfuko wa Barabara. Kuanzia mwaka huo kazi ya halmashauri ilihamia kwa Wakala. Mwaka 2021 Bunge liliongeza tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, nyingi yake ikiwa kwa ajili ya barabara hizo.

Zipo hoja za pande zote mbili, na mwanafunzi wa historia azipime. Wahandisi na mitambo vilikuwa vimetawanyika katika halmashauri nyingi, na baadhi yake hazikuwa na mhandisi wa kutosha wala greda zima. Kuwakusanya mahali pamoja kuliongeza utaalamu. Kwa upande mwingine, mwananchi wa Ushongo hampigii kura meneja wa Wakala. Anampigia kura diwani, na ni diwani huyo anayesimamishwa njiani na kuulizwa habari za shimo. Madiwani wa wilaya nyingi wamelalamika kwamba wameachiwa lawama na kunyang'anywa nyenzo. Msomaji aliyefuata insha hii ataona kwamba swali ni lile la mwaka 1972, ingawa limevaa nguo nyingine na dawa yake si lazima iwe ile ile. Wakala unaweza kuendelea kushika greda. Lakini orodha ya barabara zitakazotengenezwa, gharama ya kila moja na taarifa ya kazi iliyofanyika sharti zifike barazani na kusomwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Diwani asiyeshika tena fedha bado anaweza kushikilia haki ya kuuliza.

Kadiri barabara ya lami ya pwani kutoka Tanga kupitia Pangani kuelekea Bagamoyo, pamoja na daraja la Mto Pangani lenye urefu wa zaidi ya mita 500, inavyojengwa, haki hiyo inazidi kuwa na thamani. Kwa vizazi vingi mto umewatenga watu wa kusini na makao makuu ya wilaya yao, na kivuko kikisimama, wilaya hugawanyika. Ujenzi huo ni kazi ya taifa, wala hakuna baraza la wilaya linaloweza kuugharamia. Lakini barabara kubwa huleta wanunuzi wa ardhi, bei mpya na haja ya njia ndogo za kuungana nayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi yake na kupanga matumizi yake. Kijiji kilichokwisha kuamua wapi ni pa kujenga, wapi ni pa kulima na wapi wavuvi wataegesha vyombo vyao, kitaipokea lami kama neema. Kisichoamua kitaamuliwa na wenye fedha.

Bahari nayo hupangwa

Asidhani mtu kwamba mipango ni ya nchi kavu tu. Mkabala na pwani hiyo kipo Kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1975. Kilikuwa na miti, na kasa walipanda kutaga mayai humo. Tangazo lilitolewa wakati halmashauri ya wilaya haipo. Miti ilitoweka, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa hulifunika. Siwezi kusema kwamba baraza la madiwani lingekiokoa, maana mawimbi hayasikilizi maazimio. Lakini tangazo lililoandikwa mbali, pasipo watu wa karibu wa kulitekeleza, halina nguvu kuliko karatasi lilimoandikwa.

Linganisha na yaliyotokea baadaye. Mwaka 1994 ulianza mradi wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, uliosaidiwa na serikali ya Ireland na shirika la IUCN, ukafanya kazi na halmashauri zilizokwisha kurudishwa. Uvuvi wa baruti ulikuwa ukibomoa matumbawe. Vijiji vya wavuvi vilikaa pamoja na maofisa wa wilaya wakaandika mipango ya pamoja ya kusimamia maeneo yao ya bahari, mmoja wao ukiwa wa eneo la Boza hadi Sange katika Wilaya ya Pangani. Walikubaliana miamba ipi ipumzishwe na zana zipi zikatazwe, na halmashauri zikatia nguvu ya sheria. Baruti haikwisha siku moja, na mradi wa wafadhili una mwisho wake. Hata hivyo wavuvi walishiriki kuandika kanuni walizotakiwa kuzifuata, jambo ambalo halikufanyika kwa mashamba ya mwaka 1888 wala kwa kisiwa cha mwaka 1975.

Wajibu wa shule

Yaliyosimuliwa hapa hayakuandikwa ili yakaririwe kwa ajili ya mtihani. Kila shule ya sekondari imo ndani ya kata, na kila kata ina diwani. Mwalimu wa historia au wa uraia anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, wakatazama kama taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka imebandikwa, na wakajaribu kuijumlisha. Anaweza kuwataka wapime kipande cha barabara ya shule, wahesabu makalavati yaliyoziba, kisha waandike barua ya heshima kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayo hisabati ya kutosha kwa kazi hiyo. Mikutano ya baraza la madiwani nayo iko wazi kwa wananchi, ingawa viti vya wasikilizaji mara nyingi huwa vitupu.

Wazee wetu wa Mrima walimvisha diwani kilemba na kumpa ada, naye akaketi. Wakoloni walimpa jumbe daftari la kodi, naye akakusanya. Diwani wa leo hupewa kura kwa miaka 5, na kura hiyo ina sharti ndani yake: arudi kwa waliompa, katika mkutano mkuu wa kijiji, chini ya mwembe au katika banda la shule, awaeleze kilichoombwa, kilichopatikana, kilichotumika na kilichobaki. Akija na hesabu isiyotimia, asikilizwe kisha aulizwe. Asipokuja, aendewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali ya umma ina wenyewe wengi, kwa hiyo haifai kukosa wasomaji.